Mtabila Hapakuwa Pori

Liko neno moja fupi ambalo Waswahili wa pwani na visiwani hulitumia bila kulipima, nalo ni pori. Kila kilicho nje ya mji, nje ya shamba na nje ya bandari ni pori. Mtumishi aliyehamishiwa bara katupwa porini. Kijana aliyepelekwa Jeshi la Kujenga Taifa mkoani Kigoma, akiulizwa alikuwa wapi, jibu lake jepesi ni kuwa alikuwa porini. Mshairi naye, anapotaka kutaja mahali pasipo na adabu, pasipo na mwanga wala mtu wa kusemezana naye, neno la kwanza linalomjia ulimini ni hilo hilo. Serikali imekwisha kuliingiza katika majina yake rasmi: eneo kubwa lililotengwa kwa ajili ya wanyama mashariki ya Kibondo linaitwa Pori la Akiba Moyowosi, kana kwamba pori ni mali iliyowekwa ghalani ikimngoja mwenye haja nayo.

Dai la makala hii ni jepesi kulieleza na zito kulikubali. Neno hilo limefanya kazi ya shoka. Misitu ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, na Mtabila ikiwa ndani yake, imebadilishiwa matumizi mara nyingi katika muda usiozidi miaka mia moja, na kila mara badiliko lilitanguliwa na tamko kwamba mahali hapo hapana mtu. Tamko hilo halikuwa kweli hata mara moja. Lilipopata kufanana na kweli, ni kwa sababu waliolitoa walikuwa wamekwisha kuwaondoa watu kwanza.

Ieleweke kwanza ni msitu wa namna gani. Nchi ya Buha inapoteremka kutoka milima ya mpaka wa Burundi kuelekea mabonde ya Malagarasi na Muyovozi, hufunikwa na miombo. Jina hilo lilitoka katika lugha za Kibantu za watu wanaoishi humo, likaingia katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima bila kubadilishwa. Mtaalamu wa Uingereza au wa Marekani akitaka kuutaja msitu wa aina hii, ambao umeenea kutoka Tanzania hadi Angola, hana neno jingine ila miombo. La kustaajabisha ni kwamba mgeni anautaja msitu kwa jina la wenyewe, na mwenye lugha anauita pori.

Myombo, mtundu, mninga, mkurungu: hiyo ni miti yenye majina, na kila jina lina kazi yake. Magome ya miombo yalitoa kamba za kufungia mizigo na mizinga ya kutegea nyuki. Mninga hutoa mbao ambazo watu wa mijini huringia kwazo vitanda na milango, na yumkini wako wanaoandika mashairi ya kulidharau pori hali wamekalia kiti kilichotoka humo. Kila mwaka, mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ardhi ingali kavu na majivu ya moto wa kiangazi hayajapeperuka, miti hiyo huchipua majani mapya yenye rangi ya damu na ya shaba. Msitu mzima huwa mwekundu kabla ya kuwa kijani. Utenzi wa Kiswahili umeimba waridi na asumini kwa karne kadhaa. Wekundu huo wa miombo ungali ukimngoja mwimbaji.

Ila tabia ya msitu huu inayopasa kukumbukwa kuliko zote imo chini ya ardhi. Myombo uliokatwa kwa shoka haufi. Kisiki hubaki hai, na mizizi yake, iliyoshikana na uyoga wa udongoni, huendelea kunyonya na kungoja. Baada ya mvua chache vichipukizi hutokeza. Unaouawa ni ule uliong'olewa mizizi, au uliolimwa juu yake mwaka baada ya mwaka, au uliochomwa kila kiangazi kabla vichipukizi havijapata nguvu. Msomaji na alishike jambo hili, maana litahitajika mbele.

Sasa na tuulize: ni nani waliokuwamo? Kusini ya Kasulu, huko Uvinza, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia Sutton na Roberts, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1968, walionyesha kuwa watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maji ya chumvi hayawi chumvi bila moto, wala moto hauwaki bila kuni. Buha nayo ilikuwa miongoni mwa nchi za magharibi zilizoyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya ukoloni, na chuma hakiyeyuki bila makaa ya mti mgumu. Juu ya miti hiyo hiyo ilitundikwa mizinga, na asali na nta zikashuka. Msitu uliokolea chumvi ya vyungu vya watu kwa muda wa miaka elfu, ukawapa jembe la kulimia na asali ya kulambia, hauwezi kuitwa mahali ambapo mtu hajafika.

Ushahidi mwingine umo katika safari ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri, kwa kuwa wapagazi wake waliandikwa Unguja na Bagamoyo. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita Buha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Kila alipofika alidaiwa hongo, akalipa nguo na ushanga, akadaiwa tena mbele, hata akaona mali yake itakwisha kabla hajafika ziwani. Mwishowe aliamua kutoroka usiku na watu wake kwa njia ya vichaka vya mianzi, wakinyamaza kimya ili wasisikiwe. Kisa hiki amekisimulia mwenyewe kitabuni mwake. Watu wengi wamekisoma kama hadithi ya ushujaa wa msafiri. Kisomwe upya kama hati ya umiliki: mahali pasipo na watu hapana wa kudai hongo, na nchi isiyo na mwenyewe haina haja ya kutorokwa usiku.

Mambo yaligeuka katika muongo wa mwisho wa karne ya 19. Sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, ikafuatwa na ndui, njaa na vita vya ukoloni. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu kilichotoka mwaka 1977, alieleza yaliyofuata: ng'ombe walipokwisha na watu walipopungua, malisho yalirudiwa na vichaka, vichaka vikaleta wanyama, na pamoja na wanyama wakaja mbung'o. Kabla ya hapo watu walikuwa wameidhibiti nchi kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo. Kwa hiyo sehemu ya msitu ambao maafisa wa kikoloni waliukuta na kuuandika kuwa wa tangu na tangu ilikuwa na umri wa mtoto. Ilikuwa imeota juu ya mashamba.

Hapo ndipo palipoanza mkusanyo wa kwanza. Mwaka 1933 serikali ya Kiingereza, kwa hofu ya malale, ilianza kuwaondoa Waha katika maskani yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa pamoja, na amri hizo zikaendelea hadi miaka ya 1940. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, wala haifai kuufanyia mzaha, malale iliua. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuikimbia nchi na kumwachia mbung'o. Nyumba ziliachwa, migomba ikamezwa na majani, makaburi yakapotea. Kizazi kimoja baadaye, afisa aliyeitazama ramani aliona mahali patupu. Hakukosea kupaona patupu. Alikosea kusahau kuwa ofisi yake mwenyewe ndiyo iliyopatupulisha.

Wakati huo huo wanaume wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakiteremka pwani. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na zao la kuleta fedha Buha halikuwapo la kutosha. Kwa hiyo Waha wakawa miongoni mwa makabila yaliyotoa manamba wengi kabisa katika mashamba ya katani ya Tanga. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwabeba. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na mizinga ya nyuki alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Watu wa pwani waliwaona, wakawauzia vitumbua na nguo, wakajifunza kuwacheka kwa matamshi yao. Ni wachache waliowauliza kwao kukoje. Neno pori lilikuwa limekwisha kujibu.

Mkusanyo wa pili ulikuja na uhuru. Kuanzia mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, wananchi waliokuwa wakikaa kila mmoja kati ya shamba lake na migomba yake walihamishiwa vijijini kando ya barabara. Nia iliyotangazwa ilikuwa shule, zahanati na maji, na hakuna mwungwana atakayesema kuwa mambo hayo hayakuhitajika. Hata hivyo, matokeo yake kwa msitu yalikuwa ndugu wa yale ya 1933. Waliokuwa wakiulinda kwa kuukaa waliuacha nyuma, na kijiji kikalima na kukata kuni mahali pamoja hata udongo ukachoka. Nyuma yao, palipohamwa pakaitwa pori tena.

Mkusanyo wa tatu ndio uliolifanya jina la Mtabila lijulikane Geneva na Bujumbura kabla halijajulikana Unguja. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka mipaka. Katika miaka iliyofuata kambi zilifunguliwa katika misitu ya Kasulu na Kibondo: Mtabila, Muyovozi, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Karago. Kisha, kuanzia Septemba 1997, jeshi lilipita vijijini likiwakusanya Warundi waliokuwa wakikaa na wenyeji, na makumi ya maelfu wakapelekwa kambini. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 1999 juu ya jambo hilo, lilionyesha kuwa baadhi yao walikuwa wamekwisha kukaa Tanzania tangu miaka ya 1970, wana mashamba, wana wake na waume wa hapo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaja kuutia muhuri utaratibu huo: mkimbizi atakaa mahali alipopangiwa.

Waswahili wana msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni msemo wenye hekima kuliko sera nyingi zilizoandikwa na wataalamu. Unamtaka mwenyeji awe mkarimu, kisha unamtaka mgeni awe mtu. Tanzania iliufuata kwa wakimbizi wa 1972, waliopelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakapewa ardhi. Huko nako miti ilikatwa, tena mingi, lakini ilikatwa na mtu mwenye shamba aliyetaka mwanawe arithi kitu. Na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walipewa uraia. Wale wa miaka ya 1990 waliufikiwa na msemo uliopinduliwa. Siku ya tatu walinyang'anywa jembe. Walipewa kadi ya mgao, wakawekewa mpaka wa kutouvuka, wakaambiwa wangoje. Walingoja miaka kumi na zaidi.

Na wangoje wakila nini? Mgao ulikuwa nafaka na maharage. Kuni hazikuwamo. Maharage makavu hayaivi kwa dua. Yanataka saa kadhaa za moto, kila siku, kwa kila nyumba, katika kambi yenye maelfu ya nyumba. Aliyeupanga mgao huo aliandika hukumu ya msitu kwa kalamu ile ile, ijapokuwa neno msitu halikuwamo katika karatasi yake. Yaligawiwa majiko ya udongo yenye kupunguza kuni, vikapandwa vitalu vya miche, na waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini kitalu ni plasta juu ya kidonda ambacho kisu kingali ndani yake.

Gharama ya kuni hizo haikulipwa na miti peke yake. Ripoti nyingine ya Human Rights Watch, ya mwaka 2000, ilieleza jinsi wanawake wa Kirundi katika kambi za Kigoma walivyovamiwa na kubakwa walipokwenda kutafuta kuni na kulima vibarua. Kila kambi ilivyokaa, ndivyo njia ya kuni ilivyorefuka, na ndivyo hatari ilivyorefuka pamoja nayo. Mwanamke aliyeinama kuokota tawi huko msituni alikuwa akitimiza amri ya watu wasiomjua, waliomtaka apike na wasimpe cha kupikia. Kumwita mwanamke huyo mharibifu wa mazingira ni kumpiga mara ya pili.

Na bado ndivyo alivyoitwa. Kwa miaka mingi neno lililovuma vikaoni na magazetini lilikuwa moja: wakimbizi wamemaliza msitu. Mgala muue na haki mpe. Ni kweli kwamba pembezoni mwa kambi miti iliisha, na mkulima wa Kasulu aliyeona kilima cha babu yake kimenyolewa ana haki ya kulalamika. Lakini ni kweli vilevile kwamba wenyeji walichoma mkaa, wafanyabiashara wa mbao walifuata mninga na mkurungu mbali na kambi yoyote, na mashamba ya tumbaku na mahindi yalipanuka magharibi yote ya Tanzania, hata mahali ambapo hakufika mkimbizi. Lawama iliwekwa juu ya mgeni kwa sababu mgeni hakuwa na pa kujibia. Asiyekuwapo na lake halipo. Na mkimbizi, ingawa yupo, sheria ilimfanya kama hayupo.

Kisha likaja tamko la kuondoka. Tarehe 1 Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi iliondolewa kwa watu wapatao 38,000 wa Mtabila. 2,700 hivi walionekana kuwa bado wanahitaji hifadhi. Kati ya mwisho wa Oktoba na Desemba ya mwaka huo watu 34,000 na zaidi walirudishwa Burundi, na mwaka ulipokwisha kambi ikafungwa. Wamo miongoni mwao vijana waliozaliwa Mtabila, ambao nchi waliyoambiwa ni kwao hawakupata kuiona. Walichokijua ni vilima hivyo, vijito hivyo, visiki hivyo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu ambazo wasemaji wake huelewana, na hapana shaka kwamba katika muda huo wote kila bonde lilipata jina, kila njia ya kuni ikapata hadithi, na nyimbo zikatungwa. Malori yalipoondoka, majina hayo yakaondoka nayo. Na mahali pakaitwaje? Msomaji amekwisha kujua.

Baadaye eneo hilo likawa la Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi cha 825 KJ, na wahitimu wa kidato cha sita kutoka mikoa mbalimbali hupelekwa huko kujifunza nidhamu na uzalishaji mali. Si kusudi la makala hii kulishutumu jeshi, ambalo lilipewa ardhi iliyokwisha kuachwa wazi. Lakini kejeli ya historia haina budi kutajwa: mahali ambapo watu walizuiwa kushika jembe pamekuwa mahali ambapo vijana wanafundishwa kulishika. Kama vijana hao wangeambiwa usiku mmoja tu, penye moto, ni nani waliolala hapo kabla yao, kwa nini walikuja na jinsi walivyoondoka, elimu hiyo ingekuwa sehemu ya kulijenga taifa. Na kama wangeonyeshwa visiki vinavyochipua na kuambiwa tofauti ya shoka na jembe, yaani kwamba shoka huujeruhi msitu na jembe huuzika, wangejua pia ni wapi pa kulima na ni wapi pa kuacha.

Somo halikushikwa. Vurugu za Burundi zilipoanza tena Aprili 2015, Nyarugusu ilifurika, Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, na Mtendeli Januari 2016. Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Kila kambi ilifunguliwa kwa dharura na kufungwa kwa tarehe, na msitu hauishi kwa dharura wala kwa tarehe. Katika muongo huo huo, jirani na hapo, wakulima wa Kagera Nkanda na maafisa wa misitu walikuwa wakivutana juu ya Makere Kusini, huyu akisema ni shamba, yule akisema ni hifadhi, kila mmoja akimwona mwenzake mvamizi. Ugomvi huo ni mtoto halali wa mikusanyo mitatu. Watu waliohamishwa mara kwa mara hawawezi kuonyesha alama za mipaka ya babu zao, na serikali iliyowahamisha huwaambia kwamba kwa kuwa hawana alama, hawana haki.

Ndipo ilipo hatari ya neno. Wako watakaosema kuwa mshairi hakati miti, na kwamba neno halijawahi kuangusha mninga. Wasome Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inatia ndani yake ardhi ya vijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Isiyotumiwa kwa macho ya nani? Mti wenye mzinga juu yake unatumiwa. Kilima wanakookota uyoga wanawake baada ya mvua ya kwanza kinatumiwa. Shamba lililopumzishwa miaka kumi ili miombo irudi linatumiwa kuliko lile linalolimwa hadi kufa. Lakini anayepita kwa gari na kuona miti, moyoni mwake husema pori, na neno hilo likiingia katika fomu huitwa ardhi isiyotumiwa, na fomu ikipigwa muhuri humtoa mtu kwao. Njia ya kutoka shairini hadi katika muhuri si ndefu kama wanavyodhani wasomi.

Hapa hapana budi kumgeukia adui wa pili, ambaye huja na uso wa rafiki. Huyu ni mtungaji wa siku hizi aliyesikia habari za mabadiliko ya tabianchi, akageuka ghafla kuwa mpenzi wa misitu. Analia juu ya msitu wa kale usioguswa, msitu bikira, pumzi ya dunia. Mashairi yake yana vina na mizani, na yana kosa lile lile. Msitu usioguswa ni pori lililovikwa kanga mpya. Aliyesema pori aliwaondoa watu kwa dharau; anayesema bikira anawaondoa kwa mahaba. Kwa wote wawili Mha aliyetundika mzinga hayumo, Mrundi aliyebeba kuni hayumo, mchemsha chumvi wa Uvinza hayumo. Ukale wa miombo ya Kasulu haumo katika kutoguswa kwake. Umo katika kuguswa miaka elfu na kuendelea kuchipua.

Pwani ina mfano wake wa jambo hili, na ndio maana watu wake hawana udhuru. Nyuma ya Mombasa na Kilifi kulikuwa na watu ambao waungwana wa miji waliwaita Wanyika, yaani watu wa vichakani. Watu hao walilikataa jina hilo, na kuanzia miaka ya 1940 wakajulikana kwa jina walilolitaka wenyewe, Mijikenda. Misitu yao ya kaya, ambayo mpita njia angeiita vichaka, ilipata kuelezwa na wazee wao kwa majina, kwa makaburi, kwa miiko na kwa historia ya kila lango; na mwaka 2008 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Kaya haikupona kwa kuwa haikuguswa. Hatari haijaisha huko pia, maana ardhi ya pwani ni ghali na wenye tamaa hawalali. Ila anayeitaka kaya leo hawezi tena kusema kuwa hakujua kama mna watu.

Kasulu na Kibondo hawajapata bahati hiyo, ingawa hawakukosa wa kusimulia. Nchi iliyotawaliwa na bami wa Heru, na mmoja wao katika miaka ya mwisho ya ukoloni akiwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, si nchi isiyo na kumbukumbu. Kilichokosekana ni sikio. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao na kuisimamia vyenyewe, mlango upo. Lakini anayeingia kwa mlango huo hutakiwa aje na mipaka, majina na historia, na hivyo ndivyo vitu vilivyofutwa kila mara mahali palipotangazwa kuwa patupu. Vinaweza kukusanywa tena. Wapo wazee Kasulu wanaovijua kwa Kiha. Wapo Burundi watu wazima waliolelewa Mtabila wanaovijua kwa Kirundi. Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo pande zote mbili zinaweza kuiandikia na taifa zima likaisoma.

Basi hii ndiyo kazi iliyo mbele ya wenye kalamu wa visiwani na pwani, ambao hupenda kujisifu kuwa Kiswahili ni chao. Lugha ni ya anayeilisha. Wakusanye majina ya miti na vilima vya Buha kabla hayajazikwa na wenyewe, wayaingize katika kamusi na diwani bila kuomba radhi. Watafsiri nyimbo za kambi zingali vinywani mwa waliozitunga. Wahariri, wakiletewa shairi lenye neno pori, wamuulize mtungaji swali moja: pori la nani? Akishindwa kujibu, arudishiwe shairi lake akaulize kwanza kwa wanaokaa huko.